"Mwalimu, ile wakati yote sisi tulikuwa wapi?"

Swali: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari huku Katuba, Lubumbashi. Programu yetu ya historia ya ulimwengu inapita Misri, Ugiriki, Roma, Enzi za Kati, mapinduzi ya viwanda, halafu vita kuu mbili. Kongo inaingia mwaka 1885, pale Berlin kwenye mkutano wa mataifa ya Ulaya, ikiwa tayari imefungwa kamba. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa kike aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, ile wakati yote sisi tulikuwa wapi?" Darasa likacheka, mimi nikakosa jibu. Nasikia watu wa chuo kikuu wakitaja "mtazamo wa baada ya ukoloni" katika uandishi wa historia. Je, hiyo ni elimu, au ni hasira tu juu ya Wazungu? Na mimi nifundisheje, maana mtihani wa Leta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari, hautaningoja?

Jibu:

Mwalimu, huyo binti ameuliza swali ambalo wengine wetu tumelihangaikia maisha yote. Tafadhali umwambie hivyo mbele ya wale waliocheka.

Nianze na kitu cha kushika mkononi. Nenda nao makumbusho ya hapa mjini, uwaoneshe misalaba ya shaba. Mikono minne mifupi, minene katikati, imetandazwa kidogo kwenye ncha. Upande mmoja una mgongo ulioinuka, upande mwingine umekwaruzika kwa mchanga wa kalibu. Mikubwa inachosha mkono. Midogo unaifumbata kwenye kiganja na hakuna atakayejua umeshika nini. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ambayo ya mwanzo kabisa yana zaidi ya miaka elfu moja. Mle ndani walikuta vyungu, mapambo, kauri zilizotoka Bahari ya Hindi, na katika makaburi ya baadaye misalaba hiyo ya shaba. Kadiri karne zinavyosogea misalaba inazidi kuwa midogo, inazidi kufanana kwa ukubwa. Kitu kinachofanana ukubwa kinahesabika, na kinachohesabika kinanunua. Ndivyo wataalamu walivyoona kwamba pambo la wakubwa lilikuwa linageuka kuwa pesa. Na pale Kisale hakuna shaba. Ilitoka huku kwetu, mamia ya kilomita kusini.

Kwa hiyo binti aliyeuliza tulikuwa wapi, hapo pana jibu la kwanza: tulikuwa kiangazini, mavuno yakiwa yamekwisha, tunaokota mawe ya kijani kwenye vilima, tunajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, tunachoma mkaa, tunavukuta, tunamimina shaba kwenye mchanga. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake mkuu, na miiko yake, na siri zake. Watu walioifanya walikuwa na njia za biashara zilizofika hadi watu waliookota kauri ufukweni.

Sasa fungua kitabu chochote cha zamani kuhusu Katanga, eneo letu hili. Utasoma kwamba mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet, aliyepita huku mwaka 1892, ndiye aliyevumbua utajiri wa shaba ya Katanga. Kitenzi hicho, "kuvumbua", ningekaa nacho saa nzima darasani. Cornet alikuwa mtaalamu hodari, sina neno naye. Lakini sehemu kubwa ya alichokiona ilikuwa mashimo. Watu walikuwa wamechimba hapo vizazi na vizazi, na mashimo yao ndiyo yaliyowaonesha watafuta-madini pa kusimama. Mgodi wa Kalukuluku, ambao Wabelgiji waliuita Étoile, na ambao shaba yake ilianza kuyeyushwa hapa mjini mwaka 1911, ulikuwa ukichimbwa kabla mji huu haujapewa jina la malkia wa Ubelgiji. Sentensi inayosema Cornet alivumbua haina uongo hata mmoja ndani ya tarehe zake. Uongo umekaa kwenye kitenzi. Kinamfanya aliyefika wa mwisho awe mtendaji, na aliyekuwapo miaka mia tano awe sehemu ya mandhari, pamoja na miti.

Hapo ndipo mtazamo wa baada ya ukoloni unapoanzia kazi yake, Mwalimu. Unaangalia masimulizi yameanzia wapi, nani ni mtendaji wa sentensi, na ushahidi wa nani umehesabiwa kuwa ushahidi.

Kuna mtego hapa lazima niutaje, kwa sababu walimu wetu wengi wazuri wametumbukia humo kwa nia njema. Mtu anaona misalaba ya Kisale, anafurahi, anatangaza darasani: "Wakati Ulaya ipo gizani, sisi tulikuwa na pesa!" Watoto wanapiga makofi. Lakini rula uliyopimia bado ni ya Ulaya. Umekubali kwamba kuwa na historia ni kuwa na pesa, wafalme, dola na majengo ya mawe, kisha unatafuta vya kwetu vinavyofanana na vyao. Na je, watu ambao hawakuwa na mfalme? Waliovua samaki mto Luapula wakaishi bila jeshi? Hao watabaki nje ya mlango mara ya pili, na safari hii tumewafungia sisi wenyewe.

Mtoto wa hapa Katanga ndiye aliyelieleza jambo hili kwa undani kuliko wengi. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi, wakati huo Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941, akafundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, akafariki mwaka 2025. Alizungumzia "maktaba ya kikoloni": rundo lote la maandishi ya wasafiri, wamisionari, maofisa na wataalamu wa makabila, ambalo liliiumba Afrika ya kwenye karatasi. Alituonya kwamba hata Mwafrika anayeandika kuikanusha maktaba hiyo mara nyingi anakaa kwenye viti vyake na kutumia maneno yake. Baadaye, mwaka 2000, Mhindi Dipesh Chakrabarty alionesha upande wa pili wa jambo hilohilo: mwanahistoria wa Ulaya anaweza kuandika bila kujua lolote la Bengal na akaitwa msomi, lakini wa Bengal asipojua Ulaya anaonekana hakusoma. Mwalimu, wewe mwenyewe unajua Robespierre, yule wa mapinduzi ya Ufaransa, alikufa mwaka gani. Jiulize ni mwalimu gani wa Paris anayejua Msiri, mfalme wa huku kwetu, alikufa lini.

Zamani watu walilisema wazi. Mwanafalsafa Mjerumani Hegel, katika mihadhara yake ya Berlin miaka ya 1820, aliitoa Afrika nje ya historia ya ulimwengu kwa maneno machache akaendelea na safari. Mwaka 1963 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alirudia kwamba Afrika hakuna historia isipokuwa ile ya Wazungu waliokuwamo. Mengine ni giza. Mwaka mmoja baadaye UNESCO ilianza mradi wa historia ya jumla ya Afrika, uliotoa vitabu vinane, na Waafrika kama Joseph Ki-Zerbo, Bethwell Ogot na Adu Boahen wakiwa wahariri. Leo hakuna profesa atakayerudia maneno ya Hegel. Ila ratiba ya masomo inayarudia bila kuyatamka, kwa kuiingiza Kongo mwaka 1885.

Nimetaja tarehe ya kuzaliwa ya Mudimbe kwa makusudi. Iandike ubaoni katikati: 8 Desemba 1941. Juu yake andika 7 Desemba, Wajapani wanapiga Pearl Harbor. Wanafunzi wako wote wataitambua, imo katika kila kitabu cha dunia. Chini yake andika 9 Desemba, halafu uwaulize kuna nini. Watakaa kimya. Siku hiyo, katika uwanja wa mpira wa mji huu huu, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi weusi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi Wazungu walikuwa wameshagoma kabla yao wakasikilizwa. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, aliuawa hapo, pamoja na makumi ya wengine. Walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba ya risasi za vita hiyohiyo ya dunia. Siku mbili zinatenganisha matukio hayo mawili. Moja linaitwa historia ya ulimwengu, jingine linaitwa historia ya mahali. Nani aliamua? Ukifika hapo na darasa lako, huhitaji tena neno "baada ya ukoloni". Wameshalifanya.

Nilimhoji zamani mama mmoja wa Kamalondo, mjane wa mtu wa kambi ya wafanyakazi. Nilikuwa kijana, nina daftari la mistari na orodha ya maswali, na kila swali langu lilianza na "mwaka gani". Akanivumilia mara tatu, mara nne. Hatimaye akaingia chumbani akatoka na kadi ya kazi ya marehemu, imefungwa kwenye kitambaa, ncha zimelika, namba ya mfanyakazi bado inasomeka na jina karibu limefutika. Akaiweka juu ya meza baina yetu. Akaniambia mtoto wake wa pili alizaliwa kabla ya risasi za uwanjani, wa tatu baada yake, na kwamba baina ya hao wawili mume wake hakusema neno nyumbani kwa muda mrefu. Sikuwa na mahali pa kuliandika hilo. Daftari langu lilikuwa na safu ya mwaka, safu ya mshahara, safu ya posho. Nikaandika pembeni. Leo, katika yote niliyokusanya siku ile, ni ule mstari wa pembeni tu ninaorudi kuusoma.

Ushahidi, basi. Wanafunzi wako watakuambia kwamba Wazungu waliandika na sisi hatukuandika. Wajibu hivi: mwaka 1908, alipokuwa anaikabidhi Kongo kwa Ubelgiji, mfalme wa Ubelgiji, Léopold II, aliamuru nyaraka za dola yake zichomwe, na moto uliwaka siku nyingi. Aliyeandika ndiye aliyechoma. Kumbe maandishi nayo hupotea, na hupotea kwa kuchaguliwa.

Na sisi tulihifadhi. Waluba wana lukasa, kibao cha mti cha kushika kwa mkono mmoja, kimepambwa shanga na kauri kwa mpangilio maalumu. Mtu wa chama cha Mbudye, aliyefundishwa kwa miaka, alipitisha kidole juu ya shanga hizo akisimulia wafalme, safari, mahali patakatifu, miiko. Shanga moja ya rangi iliyozungukwa na nyingine ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Jambo linalonivutia ni kwamba kibao hicho hakisomwi vilevile kila mara. Msimulizi anachagua njia kulingana na wanaomsikiliza. Mwanahistoria wa shule ya zamani aliliona hilo kuwa udhaifu. Mimi nasema waandishi wa vitabu nao hufanya hivyohivyo, ila lukasa haifichi.

Mji wetu una ushahidi wake pia. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi, walitoa historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu kwa jina lake la kikoloni, kwa Kiswahili, iliyokusanywa na André Yav. Watu waliopika, wakafua, wakasimama nyuma ya viti wakati mabwana wanakula, waliandika walichokisikia na walichokiona. Tahajia yake haifuati kamusi yoyote, na inapofika kwenye majina ya Wazungu ni lazima uisome kwa sauti ndipo utambue. Isome kwa sauti. Miaka michache baadaye, mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha zipatazo mia moja, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha hapa kwa Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia. Katika picha ya kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu nyuma ya maiti. Misalaba hiyo haikuwapo. Anayesema mchoraji amekosea hajaelewa picha. Tshibumba alijua anafanya nini, alikuwa anasema kifo kile kilikuwa na maana gani kwa watu waliobaki.

Na batumbula? Wazee wetu bado wanalijua neno hilo: watu wa usiku waliokamata watu wakawapeleka kuliwa, kwa amri ya Wazungu. Ofisa wa kikoloni aliandika kwamba ni ujinga wa wenyeji. Sikuombi uwaambie watoto kwamba watu waliliwa. Waulize kwa nini hofu ilichukua sura hiyo katika mji ambamo mtu aliweza kukamatwa njiani kwa kukosa karatasi, akapelekwa kazini, na nyumbani wasijue alikokwenda. Uvumi hauthibitishi tukio, ila unathibitisha hofu, na hofu nayo ina historia.

Nije kwenye hasira. Umeuliza vizuri, kwa hiyo nikujibu bila kuzunguka. Hasira ipo na ina haki ya kuwapo. Lakini haitoshi kuandikia historia, na mfano bora ni Msiri.

Mwenda Msiri alitoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akajenga Bunkeya na dola ya Bayeke. Desemba 1891 ulifika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Léopold, wakimtaka apokee bendera. Alikataa. Tarehe 20 Desemba ofisa Mbelgiji, Omer Bodson, alimpiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe akauawa palepale na watu wa mfalme. Maandishi ya Wazungu yanaeleza juu ya mafuvu kwenye uzio wa Bunkeya na kusema dhalimu aliondolewa. Bayeke wanasimulia kichwa cha mfalme wao kilichokatwa na kuchukuliwa, na kila tarehe 20 Desemba wanamkumbuka. Hapo mwalimu mwenye hasira angesimama: mkoloni muuaji, mfalme shujaa, kengele imelia.

Uliza Basanga, wenyeji waliomtangulia. Kwao Msiri ndiye mgeni aliyekuja na bunduki akawatawala na kuwatoza. Walikuwa wamemwasi kabla Stairs hajafika. Na bunduki zile alizinunua kwa pembe, shaba na watu. Watumwa waliopita Bunkeya walikwenda pwani zote mbili, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi. Ukimfanya Msiri malaika ili kumshinda Stairs, umewaua wale watumwa mara ya pili. Vivyo hivyo kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili fasaha mno. Ni maandishi yetu, ni lugha yetu, nayafundisha kwa furaha, na yanaona ulimwengu kwa macho ya mwenye msafara. Aliyebeba pembe hakuandika. Hata hiki Kiswahili tunachoandikiana, Mwalimu, kilifika huku na misafara, wapagazi wa Stairs wakiwemo, kisha kampuni na misheni wakakikuza kwa sababu zao. Sikipendi kidogo kwa sababu hiyo. Nakipenda nikijua kilipita njia gani.

Ndiyo maana nasema ni elimu. Inakudai umwulize mtu wako maswali makali kama unavyomwuliza mgeni.

Jambo moja tena, na hili ndilo ningependa libaki na wale watakaokwenda chuo kikuu. Kuongeza sura moja ya Afrika mwishoni mwa kitabu cha dunia hakutengenezi kitabu hicho. Chukua bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Kila kitabu kina wanasayansi, jangwa la New Mexico, rubani, saa na dakika. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa ameshapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake New York, zikakaa ghalani Staten Island mpaka Wamarekani walipokuja kuzitaka. Baada ya vita alipewa nishani. Waliochimba, waliochambua mawe kwa mikono, waliopakia magunia, hakuna kitabu cha shule kinachowataja. Usifundishe Shinkolobwe kama historia ya Kongo. Ifundishe siku ileile unayofundisha Hiroshima, katika sentensi ileile, kwa sababu bila shimo lile sentensi ile ya bomu ingekuwa nyingine.

Kuhusu mtihani wa Leta: usiwanyime tarehe. Wape Berlin, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wape 1908, wape vita kuu zote mbili, wazikariri, wafaulu. Wanahitaji ile diploma. Lakini kila unapoandika tarehe ya programu ubaoni, acha nafasi pembeni, upana wa kiganja, uandike katika nafasi hiyo kitu kimoja kilichokuwa kinatendeka huku mwaka uleule. Septemba 1916, vita vinawaka Ulaya, na jeshi la Kongo linaingia Tabora, likibebewa mizigo na watu wetu waliokufa njiani kwa maelfu. Tabora, Unyamwezi, kulekule alikotoka Msiri. Nafasi nyingine zitabaki tupu kwa sababu hujapata cha kuweka. Ziache zikiwa tupu, wazione.

Na huyo binti mpe kazi ya wiki mbili. Amtafute mzee mmoja, wa Katuba au wa kambi yoyote, amwulize swali moja tu: "Ulifikaje mji huu?" Aandike jibu kwa maneno yaleyale ya mzee, kwa Kiswahili chake, bila kulisafisha. Asianze na "mwaka gani". Mzee akitoa kadi, picha au kitabu cha kazi kutoka chumbani, aangalie kwanza kimefungwa kwenye nini, halafu aandike na hilo.